Ukirudi kwenu na talaka, ingia kwenye biashara kwa mkataba

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama na dada zetu, habari za asubuhi. Na nyinyi akina baba mlioketi nyuma karibu na mlango, tunawaomba msiondoke mapema, kwa sababu nusu ya maneno haya ni yenu.

Tumeombwa tuzungumze juu ya mwanamke aliyeachika akarudi kwao, na kwao kuna biashara. Inaweza kuwa duka la vifaa vya ujenzi, mashine ya kusaga na kukoboa, karakana ya seremala au tanuri la mikate. Leo tutachukua tanuri la mikate, kwa sababu ni biashara ambayo kosa la usiku huonekana asubuhi yake. Sheria tutakazozitaja ni za Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi na utaratibu wao.

Mwanamke wa aina hii mara nyingi ametoka kwenye nyumba ambako alifanya kazi miaka kumi bila mtu kuiandika popote. Alipika, alilea, alisimamia mafundi waliojenga, alikaa dukani mume akiwa safarini. Siku ya kugawana ndipo alipoulizwa: wewe ulichangia nini? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Hata baada ya hukumu hiyo, anayedai hutakiwa kuonyesha mchango wake ni upi na una uzito gani. Halafu dada huyuhuyu anarudi kwa baba yake, anashika ufunguo wa stoo, anaamka saa kumi usiku kupokea mikate, na kwa mara ya pili hakuna anayeandika. Kwa baba anaona aibu zaidi kudai kuliko alivyoona kwa mume. Hilo ndilo tunalotaka kulizuia.

Tuanze na talaka yenyewe, maana wapo wanaorudi kwao wakidhani imekwisha kumbe haijaanza. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri kwanza hupelekwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Linaweza kuwa la kata, la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu, au la kanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, ile watu wanayoiita Fomu Namba 3, nayo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Watu wengi huangukia hapo: wanapata hati, wanaiweka kwenye sanduku wakisubiri hasira zipoe, mwaka unapita, wanalazimika kurudi barazani upya. Shauri linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, huna haja ya kwenda mbali.

Dada wa Kiislamu aliyepewa talaka kwa karatasi aelewe kwamba karatasi ile peke yake haimpi mgawanyo wa mali. Mahakama ndiyo inayotangaza kuvunjika kwa ndoa baada ya kuona hati ya baraza na kitendo cha talaka, kisha inagawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja. Na kama ni talaka rejea na edda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, haijaisha, usitie saini mkataba wowote wa ubia na ndugu zako. Mume akikurejea ndani ya edda mtabaki na mkataba usiotekelezeka na kaka aliyekwisha kuuza pikipiki yake kwa ajili yenu. Edda ni muda mzuri wa kusoma madaftari ya biashara, na hiyo ni kazi ya kukaa nyumbani.

Sasa biashara ya baba. Mali ya wazazi si mali ya ndoa yako, kwa hiyo mtalaka wako hana fungu katika tanuri la mkwewe. Matata huja pale ambapo mume huyo aliweka kitu chake humo. Tunaona sana mashine ya kukandia unga iliyonunuliwa na mume wakati mambo yako shwari, ikapelekwa kwa baba mkwe, bila mtu kusema kama ni zawadi, mkopo au hisa. Wazazi mlio hapa, mkikumbuka mna kitu cha namna hiyo, kaeni na mtu huyo mbele ya mashahidi wawili mwandike ni nini. Ikiwa ni mkopo, andikeni kiasi na siku za kulipa. Ikiachwa hivyohivyo, itatajwa mahakamani, na binti yenu ndiye atakayeulizwa.

Jambo jingine la kabla ya kurudi: orodha. Vitu vyote vilivyonunuliwa ndani ya ndoa viandikwe pamoja na mwaka, mahali viliponunuliwa, risiti kama ipo, na picha. Cherehani, friji, kiwanja, hata akiba ya kikundi cha VICOBA. Usihamishe wala kuficha chochote. Kuficha kunaharibu shauri lako kuliko kunavyomsaidia mtu yeyote.

Tufike nyumbani. Ushauri wetu ni kwamba aliyerudi aingie kwanza kama mwajiriwa, na habari ya hisa isubiri. Kaka zake wanapomwona anaingia na begi na watoto wawili, wanachokiwaza ni mirathi, na mawifi wanawaza zaidi. Ukianza kwa kudai fungu siku ya tatu, umewapa sababu ya kukupinga hata kwa mambo ambayo uko sahihi. Ukianza na mshahara unaojulikana, wote wanaona unalipwa kwa kazi, na wewe unapata kumbukumbu ambayo baadaye itasema kwa niaba yako.

Mkataba huo uwe wa karatasi, ukurasa mmoja au miwili. Uandike cheo na kazi zenyewe: je, ni kusimamia mauzo, kununua malighafi, au vyote? Uandike saa za kazi, na hapa kuna jambo ambalo matanuri mengi ya familia hayalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mikate hukandwa usiku. Kama baba hawezi kulipa nyongeza hiyo kwa binti yake, basi huenda hawalipi mafundi pia, na afadhali lijulikane sasa kuliko siku ya mgogoro. Uandike kiasi cha mshahara, siku ya kulipwa na mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao ni asilimia 20 ya mshahara, sehemu ya mfanyakazi isizidi nusu yake. Uandike notisi ya kuacha kazi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Na uandike kitu kinachoonekana kidogo: mikate inayokwenda nyumbani. Mikate minne kwa siku ni mikate 120 kwa mwezi. Ikiandikwa ni posho, isipoandikwa mtu ataiita wizi.

Chakula na malazi visichanganywe na mshahara. Baba akisema "unakula hapa, unalala hapa, mshahara wa nini," mjibuni kwa adabu kwamba kula na kulala ni haki ya mtoto kwa mzazi wake, na kukesha tanurini ni kazi. Mwanamke aweke kiasi chake katika bajeti ya nyumba kila mwezi, hata kama ni unga na mafuta ya taa, akimkabidhi mama. Kitendo hicho kinapunguza maneno kuliko hotuba yetu hii.

Watoto nao wapangwe kabla ya zamu. Mama mwenye watoto wadogo asichukue zamu ya kukanda kuanzia saa 4 usiku, labda kama bibi yao ana nguvu na ameombwa, maana wengine hawaombwi, wanaachiwa tu. Zamu inayomfaa ni ya saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi: kupokea mikate, kuhesabu, kupakia kwenye kreti, kuwapa wasambazaji, kisha kufunga daftari. Ni zamu yenye fedha ndani yake, kwa hiyo pia ni zamu inayomfundisha biashara haraka. Matunzo ya watoto kutoka kwa baba yao yapitie simu au benki ili yawe na kumbukumbu, na fedha hiyo isiguse droo ya mauzo hata kwa kuazima siku moja. Ustawi wa Jamii watasaidia kama hayalipwi.

Wiki mbili za mwanzo, hesabu tu, usibadilishe kitu. Hesabu mifuko ya unga, sukari, mafuta na hamira, ukiangalia tarehe ya hamira. Hesabu makopo ya kuokea na utenge yaliyopondeka, kwa kuwa mkate wake hutoka upande mmoja na duka hurudisha. Hesabu kreti zilizoko kwa wateja. Kisha shika daftari la mali kauli, yaani mikate iliyotolewa kwa maneno matupu, na upange madeni kwa umri: chini ya siku 7, siku 7 hadi 14, zaidi ya 14. Katika biashara ya mkate, deni lililopita siku 14 lina mashaka makubwa, kwa sababu bidhaa imeliwa na mwenye duka tayari anachukua kwa mwokaji mwingine. Anayedaiwa sana mara nyingi ni rafiki wa baba au shemeji. Usimfuate wewe. Mpelekee baba karatasi, baba aamue.

Sasa kipimo. Mfuko mmoja wa unga wa ngano wa kilo 50, kwa mkate wa kawaida wa kopo, huchukua maji lita 29 au karibu hapo, hamira kavu ya haraka gramu 500, chumvi gramu 900, sukari kilo 3 na nusu, mafuta kilo 1 na nusu. Jumla ni kilo 85 na kitu. Ukitoa upotevu mdogo wa mezani, na ukikata madonge ya gramu 450 ili mkate ukiiva ubaki na gramu 400, unapata mikate 186 hivi. Namba hii ndiyo silaha yako. Tanuri likitoa mikate 170 kwa mfuko, kuna jambo: ama madonge yanakatwa makubwa kwa macho bila mizani, ama unga unapungua stooni, ama kuna mikate inayotoka kwa mlango wa nyuma. Anza na mizani kabla hujamshuku mtu. Donge la gramu 480 badala ya 450 linakula mikate 12 katika kila mfuko, na fundi hana kosa la makusudi.

Tuseme mfuko umenunuliwa shilingi 85,000, sukari 9,800, mafuta 9,000, hamira 7,000, chumvi 700, na mifuko ya kufungia 186 kwa shilingi 40 kila mmoja. Jumla ni kama 119,000. Ukiuza mikate yote 186 kwa bei ya jumla ya 900, unapata 167,400. Kinachobaki ni kama 48,400, na humo zitoke kuni au gesi, mishahara, usafiri, kodi na umeme. Mikate 10 ikirudi bila kuuzwa, 9,000 imekwenda, karibu moja ya tano ya kilichobaki. Bei za kwenu ni nyingine, wekeni zenu kwenye hesabu hii hii. Ndiyo sababu tunasema aliyerudi asikimbilie kuanzisha keki za harusi kwa kuwa aliziona mjini. Akipunguza mikate inayorudi kutoka 20 hadi 8, ameleta fedha nyingi kuliko keki, na hakuna aliyemwona akijigamba.

Mikate hurudi kwa sababu tatu kubwa huku pwani. Ya kwanza ni joto la donge. Donge linatakiwa litoke kwenye mashine likiwa nyuzi 27 au 28. Ili ujue joto la maji ya kukandia, zidisha 27 mara tatu, upate 81. Ondoa joto la unga, la chumba, na nyuzi kama 8 zinazoletwa na msuguano wa mashine. Unga ukiwa 29 na chumba 30, maji yanatakiwa yawe nyuzi 14. Maji ya bomba ni 28 au zaidi, kwa hiyo ukiyatumia yalivyo, donge linatoka likiwa 32, linaumuka kwa haraka mno, linapita kiwango kabla tanuri halijawa tayari, na mkate unabonyea juu au unakuwa na matundu makubwa chini ya gamba. Barafu kilo 4 hivi, ihesabiwe ndani ya zile lita 29, inatatua tatizo. Ya pili ni kufunga mkate ungali moto. Mvuke unanasa ndani ya mfuko, na siku ya pili ukungu umeota. Mkate upoe juu ya waya saa mbili hivi, usipangwe kwenye mbao. Ya tatu wenyeji wa tanuri wanaijua kwa harufu: mkate wa siku ya pili unanuka kama nanasi lililoiva sana, ukiuvunja ndani unavuta nyuzi. Ni vijidudu vya kwenye unga vinavyostahimili moto wa kuoka na kuamka kwenye joto. Dawa yake ni kusafisha rafu, meza na mashine kwa maji ya siki, kuacha kabisa kurudisha makombo ya zamani kwenye unga mpya, na kutumia unga wa zamani kwanza.

Mambo haya usimwambie fundi mkuu mbele ya vijana wake. Mtu aliyepima chumvi kwa kiganja miaka ishirini hawezi kusahihishwa na mtoto wa bosi aliyerudi juzi. Nunua mizani na kipimajoto, andika kimyakimya wiki mbili, kisha mwonyeshe yeye peke yake usiku uliotoa mikate 186 na usiku uliotoa 171, umuulize anaonaje. Mara nyingi atakuambia sababu ambayo hukuiwaza, kwa mfano kwamba mlango wa tanuri umelegea na kundi la mwisho halipati moto.

Vibali viangaliwe mapema, kwa kuwa biashara nyingi za familia zinaendeshwa kwa jina la marehemu babu. Angalieni jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), namba ya mlipakodi ni ya nani, leseni ya halmashauri, na usajili wa jengo la chakula, ambao tangu mwaka 2019 uko Shirika la Viwango (TBS) na si iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Ikiwa vyote viko kwa jina la baba pekee na baba akiugua, benki na mamlaka hazitamsikiliza binti, hata kama amesimamia kila kitu miaka mitatu.

Na hapo ndipo hisa zinapoingia. Baada ya miaka miwili ya kazi iliyoandikwa, familia ikae. Kama biashara ni ya mtu mmoja, igeuzwe ubia ulioandikwa au kampuni, na asilimia ya kila mtu ijulikane. Baba Mwislamu anayetaka kumwongezea binti aelewe kwamba wasia hauwezi kumwongezea mrithi bila warithi wengine kuridhia, na kwamba binti hurithi nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Njia iliyo wazi ni hiba akiwa hai na mzima: aseme anampa, binti akubali, na kitu kikabidhiwe kweli, ufunguo na hati, mbele ya mashahidi na kaka zake wakiwepo. Hiba ya mdomoni isiyokabidhiwa huzaa kesi. Kwa familia zinazofuata mila, ambako mara nyingi fungu la binti ni dogo zaidi, wosia wa maandishi usicheleweshwe.

Jambo la mkopo tunalitaja kwa haraka, lakini lina meno. Benki ikitaka nyumba iwe dhamana, huuliza hali ya ndoa na ridhaa ya mwenzi. Dada mwenye kiwanja chake na asiye na amri ya mahakama ya talaka bado anahesabiwa ana mume, hata kama hajamwona miaka sita. Na asitie saini ya kumdhamini kaka kwa mkopo wa tanuri hadi awe na sehemu katika tanuri hilo. Atabeba deni la biashara ambayo kwenye karatasi si yake.

Mfano wa mkataba na jedwali la hesabu ya mfuko mmoja viko kwa karani pale mezani, nakala zinatosha. Anayekuja kuchukua aje na bei za unga na mafuta za kwao, tuijaze pamoja sasa hivi. Maswali tutaanza na akina baba wa nyuma.